Chanjo, dawa au banda? Kuchagua kinga ya minyoo kwa nguruwe, mbuzi na ng'ombe wa Nyanda za Juu Kusini

Ukiomba "chanjo ya minyoo" kwenye duka la dawa za mifugo, iwe Mwanjelwa au Mafinga, huenda ukapewa kichupa cha aivomektini na bomba la sindano. Hiyo ni dawa. Inaua minyoo iliyomo mwilini, inakaa kwenye damu kwa muda mfupi, kisha mnyama anarudi palepale alipokuwa. Chanjo ni kinyume chake: minyoo iliyokwishaingia haiigusi, bali inauandaa mwili kuikabili ile itakayokuja. Anayechanganya hivi viwili hulipa mara mbili. Anachoma aivomektini mara moja kwa mwaka akiamini mnyama amekingwa, au anasubiri chanjo imponye mbuzi aliyekwishaishiwa damu.

Jibu halifanani kwa mifugo yote. Kwa nguruwe, chanjo ni chaguo la kweli na inafaa kulipigia hesabu. Kwa kondoo chanjo ya minyoo ipo duniani, ila ratiba yake ni ngumu na imetengenezewa mazingira ya mbali. Kwa minyoo ya maini ya ng'ombe hakuna chanjo sokoni popote, hivyo mashindano ni kati ya dawa na dawa.

Nguruwe

Adui mkubwa huku ni tegu wa nguruwe, Taenia solium. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, au majani na maji yaliyochafuliwa nacho, minyoo michanga hupenya utumbo, husafiri na damu na kutua kwenye misuli, ulimi, moyo na ubongo. Baada ya miezi 2 hadi 3 kila mmoja unakuwa kivimbe cha maji cha milimita 5 hadi 10, chenye doa jeupe ndani. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva sawasawa anapata tegu. Akimeza mayai yenyewe, kwa mboga au mikono michafu, vivimbe huota kwake, na vikiota kwenye ubongo huleta kifafa. Ndiyo maana hata asiyegusa kitimoto maishani anaweza kupata kifafa cha tegu, ikiwa anayempikia ana mnyoo huo na hanawi mikono.

Katika wilaya kama Mbozi, Ileje na Mbeya Vijijini, nguruwe hufungwa msimu wa mazao na mara nyingi huachiwa mahindi yakishavunwa. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba wanazurura, na hapo ndipo wanapokutana na kinyesi cha watu vichakani. Njia nne ndizo zinazotumika au zinazopendekezwa, na haziko sawa:

| Njia | Inachofanya | Inachoshindwa |
|---|---|---|
| Chanjo ya TSOL18 pamoja na oksifendazoli | Chanjo inazuia vivimbe vipya, dawa inaua vilivyomo kwenye misuli | Inahitaji baridi, dozi mbili za mwanzo na marudio |
| Oksifendazoli peke yake | Inaua vivimbe vya misuli na minyoo mingi ya tumbo | Kinga ikiisha baada ya miezi kama 3, nguruwe anaambukizwa upya |
| Banda la kudumu na choo | Inakata mzunguko, inapunguza pia hatari ya homa ya nguruwe | Chakula chote kinunuliwe au kibebwe |
| Aivomektini | Ukurutu, chawa na baadhi ya minyoo ya tumbo | Haikingi nguruwe na vivimbe vya tegu |

Safu ya mwisho tumeiweka kwa sababu ndiyo inayofanyika zaidi. Nguruwe akichomwa aivomektini (asilimia 1, mililita 1 kwa kilo 33) ngozi inatakata, manyoya yanalala vizuri, na mwenye mali anaridhika. Mnunuzi akija na kijiti, akafungua mdomo na kupapasa ulimi, vivimbe bado vipo. Kipimo hicho cha ulimi nacho hugundua tu nguruwe aliyejaa vivimbe. Mwenye vichache hupita, akachinjwa na kuliwa.

Chanjo ya TSOL18 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na timu ya Marshall Lightowlers, na kampuni ya Indian Immunologicals ya India inaizalisha kwa jina Cysvax. Katika jaribio la vijijini Kameruni lililochapishwa 2010, ambako chanjo iliambatana na oksifendazoli, hakuna hata nguruwe mmoja wa kundi lililochanjwa aliyekutwa na vivimbe, huku wa kundi lisilochanjwa wakikutwa navyo. Majaribio ya uwandani yamefanyika pia Nepal, Uganda, Zambia na hapa Tanzania. Kwa chanjo ya mnyoo, matokeo ya namna hiyo ni nadra sana. Kabla ya kulipia, muulize daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na shehena iliyopo. Chupa ya chanjo inayouzwa mkononi sokoni, bila barafu na bila karatasi, usiiguse.

Ratiba inayoendana na kalenda ya huku, kwa nguruwe watakaoachiwa Juni, ni hii. Mwanzoni mwa Mei choma dozi ya kwanza kwa kila nguruwe aliyefikisha miezi 2: mililita 1, kwenye msuli wa shingo nyuma ya sikio. Wiki 3 hadi 4 baadaye toa dozi ya pili, na siku hiyo hiyo mnyweshe oksifendazoli. Mwanzoni mwa Septemba rudia vyote viwili. Nguruwe wa kuchinjwa Krismasi atakuwa amekaa miezi mitatu tangu dawa ya mwisho, muda unaotosha vivimbe vilivyokufa kunywea. Ukimchinja mapema mno nyama itaonyesha mabaki meupe, na mkaguzi ana haki ya kuikataa, mbali na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.

Ikiwa pesa inatosha oksifendazoli mara moja tu kwa mzunguko huu wa mwanzo, itoe na dozi ya pili. Dozi ya kwanza huamsha mwili tu, kinga yenyewe husimama baada ya ya pili. Alichomeza nguruwe katikati ya dozi hizo mbili kinaendelea kukua, na dawa inayokuja na dozi ya pili ndiyo inayokimaliza. Ukiitoa mapema, nguruwe anaweza kuingia kipindi cha kuzurura akiwa na vivimbe vilivyootea kwenye pengo hilo, na chanjo haitavigusa.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kipimo cha oksifendazoli. Dozi ya kuua vivimbe kwa nguruwe ni miligramu 30 kwa kilo, ambayo ni mara sita ya ile ya minyoo ya tumbo kwa mbuzi na ng'ombe. Oksifendazoli ya asilimia 10 inatolewa mililita 3 kwa kila kilo 10: nguruwe wa kilo 30 anakunywa mililita 9. Madukani kuna pia oksifendazoli ya asilimia 2.265, iliyokusudiwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ukitaka kufikisha dozi kwa nguruwe huyo huyo kwa chupa hiyo utahitaji karibu mililita 40, jambo ambalo hakuna nguruwe atakayekuruhusu ulifanye bila kumwaga nusu. Wengi humpa mililita 7 au 8 "kama mbuzi", na hiyo haiui kivimbe chochote. Soma asilimia kwenye chupa kabla ya kusoma jina.

Uzito usiukisie. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, nguruwe akiwa amesimama wima bila kuinamisha kichwa. Zidisha mzunguko kwa mzunguko kwa urefu, vyote kwa mita, halafu zidisha kwa 69.3. Mzunguko wa 0.75 na urefu wa 0.80 unatoa kilo 31, yaani mililita 9.3 za asilimia 10. Kwa macho, nguruwe huyo huyo hukadiriwa kilo 20 akiwa mchafu na kilo 45 akiwa anauzwa.

Kumnywesha kunahitaji watu wawili. Mmoja anamshika kwa kitanzi cha kamba kwenye pua, nyuma ya meno makali ya juu. Wa pili anaingiza ncha ya bomba kwenye pembe ya mdomo, kati ya shavu na meno, na kusukuma kidogo kidogo. Akipiga kelele, simama. Dawa inayosukumwa wakati anapiga kelele huingia kwenye mapafu, na nguruwe hufa kwa nimonia siku chache baadaye, lawama ikaenda kwa chanjo. Kichwa kisiinuliwe juu sana kwa sababu hiyo hiyo.

Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kwenye kibebeo, joto si adui peke yake: chupa ikigusana na barafu inaganda, na chanjo iliyoganda imekufa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Ifunge kwa gazeti au kitambaa ili isigusane na barafu. Bomba la sindano lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, si kwa spiriti wala dawa ya kuulia vijidudu, kwa sababu mabaki yake huharibu chanjo. Chupa ikishatobolewa imalizwe siku hiyo hiyo. Kwa mwenye nguruwe watatu hiyo maana yake ni kukubaliana na majirani tarehe moja, la sivyo atalipia dozi atakazozimwaga.

Jambo ambalo mabango ya kampeni hayasemi: mchanjaji anayetoka banda hadi banda anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo umekuwa ukirudi mara kwa mara katika ukanda huu, dawa hauna, na unaweza kusafisha kijiji kizima. Sindano ibadilishwe kila banda, buti zisuguliwe na kuzamishwa kwenye dawa mlangoni, kamba ya kufungia pua iwe ya mwenye banda, na kijiji chenye vifo vya nguruwe visivyoeleweka kiahirishwe. Mkulima atakayeona nguruwe wake wanakufa wiki moja baada ya sindano hatakubali tena chanjo ya aina yoyote.

Chanjo peke yake, bila oksifendazoli, haimpi mfugaji faida anayoiona. Nguruwe hanenepi haraka kwa sababu ya TSOL18, na wala bei haipandi kama mnunuzi hatofautishi. Oksifendazoli ndiyo inayoondoa askarisi na minyoo mingine ya tumbo, na nguruwe anaanza kubadilisha pumba kuwa nyama. Ukitaka kijiji kilipie sehemu ya gharama, elezea dawa kwanza.

Nani achague nini? Mwenye nguruwe 2 hadi 6 wanaoachiwa kiangazi, tungemshauri chanjo pamoja na dawa, ila kwa masharti mawili: majirani wengi wa kitongoji wafanye pamoja, na Septemba isirukwe. Nguruwe wa kijijini huzaliwa na kuuzwa haraka, kwa hiyo kampeni ya mara moja kwa mwaka huacha nusu ya waliopo wakiwa hawajaguswa. Nguruwe aliyenunuliwa mnadani achukuliwe kama hajachanjwa, hata muuzaji aape.

Mwenye banda la sakafu ya saruji, labda nguruwe 20 wanaolishwa pumba na mashudu pembezoni mwa jiji la Mbeya, hana haja ya kukimbilia chanjo. Hatari yake inapita kwa majani yanayokatwa kando ya vichochoro ambako watu hujisaidia, kwa maji ya mtaro, na kwa mfanyakazi mwenye tegu asiye na choo shambani. Achimbe choo kwa ajili ya mfanyakazi, ampeleke kituo cha afya akatibiwe iwapo anaona vipande vyeupe bapa kwenye kinyesi chake, na fedha ya chanjo aiweke kwenye chakula.

Mbuzi na kondoo

Muuaji wa mbuzi na kondoo wakati wa mvua ni Haemonchus contortus, mnyoo wa tumbo la nne. Jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na kila mnyoo mkubwa huvuta karibu mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 tu ni mililita 50 kila siku, kutoka kwa mnyama wa kilo 20. Mzunguko wote, kutoka majani hadi mayai mapya, huchukua wiki kama tatu, na joto na unyevu wa Desemba hadi Aprili unaufaa kabisa. Julai kwenye baridi ya Makete au Kilolo mayai hayaanguliwi haraka, na hapo mfugaji hupumua kidogo.

Chanjo yake inaitwa Barbervax, kazi ya taasisi ya Moredun ya Scotland na washirika wa Australia Magharibi, iliyoingia sokoni Australia 2014. Afrika Kusini imesajiliwa kwa jina Wirevax. Inatumia protini kutoka utumbo wa mnyoo wenyewe. Kondoo anatengeneza kinga dhidi ya protini hizo, mnyoo unakunywa damu yenye kinga, utumbo wake unaharibika. Ni ubunifu mzuri, lakini shida yake iko hapo hapo. Mwili wa kondoo haukutani kamwe na protini za utumbo wa mnyoo kwa njia ya kawaida, kwa hiyo malisho hayauongezei kinga. Sindano ndiyo chanzo pekee: tatu za mwanzo zikiachana wiki 3 hadi 4, kisha moja kila wiki 6 msimu mzima. Minyoo isiyonywa damu haiguswi, na dawa bado itahitajika.

Kwa shamba la kondoo 2,000 ambako kila dawa imeshindwa, hesabu hiyo inakubali. Kwa mbuzi 15 wa Kilolo au Ileje haikubali, na hatuoni sababu ya kuisubiri. Ukichukua gharama ya safari moja ya mtaalamu na kuizidisha mara sita kwa mwaka, umepata mbuzi mzima.

Kinachoshindana na chanjo hapa ni kunywesha wachache wanaohitaji, badala ya kunywesha kundi lote kila miezi mitatu. Kipimo ni kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini: rangi tano za utando wa ndani wa kope la chini, kutoka nyekundu ya 1 hadi nyeupe ya 5. Sukuma kope la juu kwa kidole gumba, vuta la chini kwa kidole kingine, tazama kwenye mwanga wa jua na si bandani, linganisha haraka. Aliye 4 au 5 anywe dawa leo. Aliye 3 anywe iwapo ni mtoto, ana mimba au ananyonyesha. Rudia kila wiki mbili wakati wa mvua, kila mwezi kiangazi. Wachache kati ya kundi ndio hubeba minyoo mingi, na ukiwaacha wazima bila dawa unahifadhi minyoo ambayo bado inakufa kwa dawa. Kunywesha wote kunabakiza ile sugu tu, na ndiyo itakayozaana.

Kadi ina upofu wake. Weupe wa jicho unaletwa pia na minyoo ya maini na magonjwa ya kupe, na minyoo inayoharisha bila kunywa damu haionekani humo. Mbuzi anayeharisha na kukonda huku macho yakiwa mekundu anahitaji kipimo cha kinyesi.

Halafu suala la dozi, ambalo limeharibu dawa nyingi nzuri. Mbuzi huivunja dawa mwilini haraka kuliko kondoo. Albendazoli ya asilimia 2.5 kwa kondoo wa kilo 20 ni mililita 4, lakini mbuzi wa uzito huo huo anahitaji 8. Ukimpa 4 miaka mitatu mfululizo, umefuga minyoo sugu kwa gharama zako. Usipeleke kanuni hiyo kwenye levamisoli: mbuzi anaweza kuhitaji hadi miligramu 12 kwa kilo badala ya 7.5, lakini juu ya hapo sumu iko karibu, na dalili zake ni mate mengi, kutetemeka na kuanguka. Albendazoli isitolewe mwezi wa kwanza wa mimba. Kumfungia bila majani usiku kucha kabla ya kunywa, kama hana mimba na si dhaifu, huipa dawa muda zaidi tumboni. Iweke nyuma ya ulimi, si mbele, maana ya mbele hutemwa.

Ukishuku dawa imechoka, pima badala ya kubadili chupa kwa hasira. Chukua kinyesi cha wanyama 10, wanyweshe kwa uzito uliopimwa, chukua tena siku ya 10 hadi 14. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95, usugu unashukiwa. Kabla ya kuhukumu, angalia tarehe ya kuisha, uone kama chupa ilitikiswa (albendazoli hutuama chini, na wa mwanzo kunywa hupata maji), na hakikisha bomba linapima sawasawa.

Ng'ombe

Kwa ng'ombe chanjo ya minyoo iliyodumu sokoni ni ya minyoo ya mapafu, Dictyocaulus viviparus. Ilianza kuuzwa Uingereza 1959, na leo inajulikana kama Bovilis Huskvac: minyoo michanga kama 1,000 iliyodhoofishwa kwa mionzi, ndama anainywa mara mbili kwa kuachana wiki 4, akiwa na umri wa wiki 8 au zaidi. Minyoo hiyo ni hai, hivyo huisha muda wake haraka na hufa ukimpa ndama dawa ya minyoo karibu na siku hiyo. Imetengenezewa ndama wa Ulaya wanaotoka bandani kwa mara ya kwanza masika. Ndama anayekohoa kwenye malisho ya baridi ya Makete atapona kwa levamisoli, albendazoli au aivomektini mapema, na wa Rungwe anayelishwa guatemala na majani ya tembo bandani hana hatari kubwa. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambayo wafugaji wengi wa maziwa wameizoea haihusiki na minyoo hata kidogo.

Hasara ya kweli kwa ng'ombe wa ukanda huu iko kwenye minyoo ya maini, ya aina mbili. Fasciola gigantica inatawala mabonde ya joto kama Usangu, Fasciola hepatica ipo kwenye miinuko ya baridi, na zote zinahitaji konokono wa maji na majani yenye unyevu. Hapa utachagua kati ya dawa hizi:

Albendazoli ya asilimia 10 ndiyo rahisi kupatikana. Kwa minyoo ya tumbo ni mililita 7.5 kwa kilo 100, kwa ya maini ni mililita 10. Inaua minyoo ya maini iliyokomaa tu, yaani yenye miezi mitatu hivi. Ng'ombe wa kilo 300 akikadiriwa 200 atapata mililita 20 badala ya 30, kiasi ambacho hakitoshi maini wala tumbo. Isitolewe siku 45 za kwanza za mimba. Oksiklozanidi, inayouzwa mara nyingi ikiwa imechanganywa na levamisoli, nayo ni ya minyoo iliyokomaa.

Nitroksinili ya asilimia 34 huchomwa chini ya ngozi, mililita 1.5 kwa kilo 50, yaani 9 kwa ng'ombe wa kilo 300. Inafika kwenye minyoo ya miezi miwili hivi. Inapaka njano mikono, nguo na ngozi, na haitoki upesi.

Triklabendazoli, miligramu 12 kwa kilo, inaua hata minyoo ya wiki mbili inayopita kwenye nyama ya ini. Kwa ng'ombe aliyeingia malisho ya majimaji wiki chache zilizopita na anakonda, hii ndiyo ya kwanza. Ukimpa albendazoli wakati huo, minyoo michanga inaendelea kutoboa ini, na baada ya mwezi mfugaji anasema dawa ni feki. Si feki, alipewa dawa isiyofika kwenye umri wa minyoo ile.

Kwa mifugo ya Usangu na pembezoni mwa mashamba ya mpunga, tungependelea dozi mbili. Moja mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, baada ya miezi ya kuchunga kwenye mabua ya mpunga na kingo za maji: hapo triklabendazoli au nitroksinili inalipa, kwa sababu ng'ombe ana minyoo ya umri wote. Nyingine Machi au Aprili, ambapo iliyobaki imekomaa na albendazoli inatosha kuizuia isimwage mayai kwenye maji. Anayelisha bandani kwa majani ya bondeni akate juu ya mstari wa maji na ayaanike kabla ya kulisha. Mbegu za minyoo hii hushika kwenye sehemu ya chini ya shina, na ukavu huziua.

Ng'ombe wa maziwa anapunguza chaguo. Triklabendazoli, nitroksinili na aivomektini nyingi haziruhusiwi kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yanakwenda kwa watu, kwa hiyo zitolewe akiwa amekauka. Albendazoli na oksiklozanidi zina siku chache za kumwaga maziwa, ila lebo ya chupa uliyoishika ndiyo yenye neno la mwisho, kwani watengenezaji hutofautiana.

Kama hujui ni minyoo gani, kipimo ni nafuu kuliko chupa ya tatu. Toa kinyesi moja kwa moja kwenye njia ya haja kwa glavu, vijiko viwili vya chakula, igeuze glavu ndani nje, funga hewa isibaki, kiweke kwenye baridi bila kugandisha, kifike maabara ndani ya saa 24. Kikichelewa kwenye joto, mayai ya minyoo ya tumbo yanaanguliwa na hesabu inadanganya. Maabara ya TVLA (wakala wa maabara za mifugo) ipo Iringa. Kwenye lebo andika aina ya mnyama, umri, tarehe ya dawa ya mwisho, na maneno "pimeni na minyoo ya maini". Kipimo cha kawaida cha mayai ya minyoo hufanywa kwa kuyaelesha kwenye maji ya chumvi, na mayai ya minyoo ya maini ni mazito, yanazama. Usipoyaomba kwa jina, majibu yanaweza kurudi masafi kutoka kwa ng'ombe mwenye ini lililojaa.